Mashariki ya China na begi mgongoni: mwongozo kamili wa njia, treni na michezo ya bustanini na wenyeji

Mgeni anayetua Shanghai na begi mgongoni huwa tayari amejiandaa kwa majengo marefu na treni za kasi. Asichojiandaa nacho ni mzee wa miaka sabini bustanini, saa moja asubuhi, anayemrushia kijinyoya cha kupigia danadana kisha akasimama kumtazama kama atakiacha kianguke. China ya mashariki, kuanzia Shandong hadi Fujian, imejaa watu wanaocheza hadharani: karata, sataranji ya Kichina, dansi, vishada, kuandika kwa maji barabarani. Mgeni anayejua kuingia kwenye mchezo hupokelewa haraka kuliko anayejua lugha.

Mambo haya yana saa zake na mahali pake. Ukipanga safari kwa orodha ya vivutio tu, utakuwa kwenye treni au kwenye foleni ya tiketi wakati watu wanacheza. Kwa hiyo mwongozo huu unaipanga safari kwa kuzifuata saa hizo.

Makaratasi

Pasipoti za kawaida za Tanzania na Kenya zinahitaji viza, na ya utalii ni daraja la L. Utaratibu wa kupita China bila viza kwa saa 240 hauhusu pasipoti hizi, hata kama mtu wa wakala wa ndege atakuambia vingine. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi na kurasa tupu. Utaombwa fomu, picha, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa malazi au barua ya mwaliko. Weka nafasi ya kila usiku kwenye hosteli zinazoruhusu kufuta bila malipo, kisha ubadilishe baadaye. Usiku usio na malazi kwenye ratiba ndio huzaa maswali dirishani.

Ukishaingia, sheria inataka uandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli na hosteli hufanya hivyo zenyewe wanapopiga nakala ya pasipoti yako. Ukialikwa kulala nyumbani kwa mtu, jambo linalotokea kweli, wewe na mwenyeji wako lazima mwende kituo cha polisi cha mtaa, na mwenyeji abebe kitambulisho chake na karatasi za nyumba. Kama hataki kwenda, kula chakula chake, mshukuru, na urudi hosteli kulala.

Tembea na pasipoti halisi kila siku. Ndiyo tiketi yako ya treni, ndiyo inayokufungulia makumbusho, na polisi wana haki ya kuiomba. Ukipitiliza siku za viza faini ni yuan 500 kwa siku, hadi kufikia 10,000.

Simu na pesa

Fanya haya ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mengine yanakuwa magumu ukishafika.

WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube hazifunguki kwenye intaneti ya China. Laini ya eSIM ya kigeni, au laini yako ya nyumbani ikiwa na huduma ya kutumika nje, kwa kawaida huzifungua kwa sababu data yake inapitia nje ya nchi. Intaneti ya hosteli haizifungui. Ramani za Google pia huonyesha mahali pakiwa pamesogea na njia nyingi zimepitwa na wakati. Pakua Amap, ambayo Wachina huiita Gaode. Pakua vilevile kifurushi cha Kichina cha programu ya kutafsiri kinachofanya kazi bila intaneti, na ujaribu sehemu ya kusoma maandishi kwa kamera.

WeChat ndiyo simu, barua na pochi ya huko. Ifungue wiki mbili kabla, maana wakati mwingine akaunti mpya hudai ithibitishwe na mtu ambaye tayari anaitumia. Tafuta jamaa anayefanya biashara na China akusaidie.

Kwa malipo, fungua programu ya Alipay, weka picha ya pasipoti, kisha unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada; yakizidi, kadi ya kigeni hukatwa asilimia 3. Hivyo bili ya 380 mnayokula wawili ni nafuu mkiilipa mara mbili. Waambie benki yako kwamba unakwenda China. Kadi nyingi hufungiwa kwenye malipo ya kwanza kwa sababu mfumo wa benki unadhani zimeibiwa. Weka kadi ya pili, na taslimu yuan 500 hadi 800, nyingi zikiwa noti za 10 na 20. Noti kubwa kuliko zote ni ya 100, na muuza chapati wa asubuhi mara nyingi hana chenji yake.

Begi

Lita 35 hadi 40, kilo zisizozidi tisa. Kila kituo cha metro kina mashine ya ukaguzi, kwa hiyo begi utalivua na kulivaa mara nyingi kwa siku, na milima ya huku hupandwa kwa ngazi za mawe.

Soketi ni za volti 220 lakini si za pini tatu za mraba kama zetu. Beba adapta. Pawabanki lazima iwe na alama ya 3C, ya uthibitisho wa usalama wa China: tangu tarehe 28 Juni 2025 isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China, na ukiwa uwanjani utaiacha pale pale. Kisu usibebe kabisa. Kitaishia kwenye ukaguzi wa treni. Chupa ya chai ya nusu lita ni ya lazima, kwa sababu maji ya bomba hayanywewi ila maji ya moto yapo bure kwenye vituo vya treni na ndani ya treni. Karatasi za chooni ziwe mfukoni muda wote.

Sasa vitu vya mchezo, ambavyo watu wengi husahau. Pakiti moja ya karata. Kete 24 za drafti, au vifuniko vya soda vya rangi mbili, na ubao uliochorwa kwenye kitambaa. Picha 20 au 30 zilizochapishwa za kwenu: pwani, soko, twiga, harusi. Doti moja ya kanga: ni taulo, ni shuka, ni pazia la kitanda cha chini, na ukianza kumfundisha mama mmoja namna ya kuifunga, wengine watano watakuja. Bangili chache za shanga kwa kuagana. Usitoe saa ya ukutani wala mwavuli kama zawadi, vina maana mbaya kwao, na chochote unachotoa kitoe kwa mikono miwili.

Msimu

Aprili, na katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Juni na mwanzo wa Julai eneo la mto Yangtze lina mvua za wiki nzima, nguo hazikauki. Julai hadi Septemba vimbunga hupiga Zhejiang na Fujian. Kuanzia tarehe 1 hadi 7 Oktoba, sikukuu ya Mei Mosi na siku zake, na Mwaka Mpya wa Kichina, usisafiri: tiketi zinaisha na bustani zinajaa watalii badala ya watu wa mtaani.

Ukienda Januari, jua kwamba kusini mwa mto Huai majengo hayana mfumo wa joto wa mji mzima. Hosteli ya Suzhou au Nanjing yenye nyuzi 3 nje inaweza kuwa na baridi ndani kuliko ya Jinan, ambako nje kuna barafu.

Njia yenyewe

Siku 16 au 17 zinatosha: Shanghai siku mbili, Suzhou mbili, Nanjing mbili, Tai'an mbili kwa ajili ya mlima Taishan, Huangshan tatu, Hangzhou mbili, Yiwu moja, na mwisho Quanzhou siku mbili au tatu kabla ya kuruka kutoka Xiamen. Kwa kitanda cha hosteli, vyakula vya mtaani, metro na viingilio vya kawaida, tenga yuan 250 hadi 350 kwa siku, treni za mbali ukizihesabu pembeni.

Miji mitatu inamgusa zaidi msomaji wa Kiswahili. Nanjing ndiko zilikojengwa meli za Zheng He, amiri wa majini wa China, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China wa nasaba ya Ming twiga. Onyesha picha ya twiga kwenye bustani ya ziwa Xuanwu, taja Malindi na Zheng He, na wazee watachukua zamu kukueleza. Yiwu ina soko kubwa la jumla ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hununua bidhaa, na Kiswahili utakisikia huko bila kukitafuta. Quanzhou ni ile bandari ambayo msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliiita Zaitun. Msikiti wake wa mawe, Qingjing, ulianza kujengwa mwaka 1009.

Treni

Tumia programu ya 12306, ina sehemu ya Kiingereza. Jiandikishe mapema kwa sababu uthibitisho wa pasipoti unaweza kuchukua muda. Jina liandike kama lilivyo kwenye mistari ya mashine chini ya pasipoti, majina yote. Jina la tatu likikosekana, mlango utakukataa. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla. Ukifuta zikiwa zimebaki siku 8 au zaidi hukatwi kitu. Chini ya hapo ni asilimia 5, chini ya saa 48 ni 10, chini ya saa 24 ni 20.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kwenda kituo kisicho chako. Nanjing ina kituo kikuu na Nanjing Nan. Hangzhou ina Hangzhou Dong na vingine. Kwenye majina ya vituo, "bei" ni kaskazini, nan ni kusini, dong ni mashariki, xi ni magharibi. Fika dakika 50 kabla. Pita kwenye mlango wenye mhudumu, kwa kuwa mageti mengi hayasomi pasipoti za kigeni, na kumbuka geti la kuelekea kwenye treni hufungwa dakika chache kabla ya kuondoka, hata kama treni bado unaiona.

Treni za G, zile za kasi, hufika kilomita 350 kwa saa. Shanghai hadi Suzhou ni kama nusu saa, Shanghai hadi Hangzhou saa moja, Nanjing hadi Tai'an saa mbili na zaidi kidogo. Lakini ndani ya G watu hulala au hutazama simu. Kwa hiyo, kwa kipande kimoja cha safari, mchana, cha urefu wa saa tatu hadi tano, panda treni ya K, ile ya polepole, na ukate kiti kigumu. Viti vinatazamana, katikati kuna meza ndogo, na mbegu za alizeti huanza kuzunguka kabla treni haijatoka kituoni. Weka pakiti ya karata juu ya meza bila kusema kitu. Usichague usiku: taa haizimwi, waliokosa viti husimama njiani, na watu waliochoka hawachezi.

Saa za mchezo

Saa kumi na mbili na nusu hadi tatu asubuhi, bustani zote za mjini. Shanghai nenda Fuxing kwa dansi za wawiliwawili, au Lu Xun kwa vikundi vya kuimba. Nanjing ni Xuanwu, Hangzhou ni kando ya Ziwa Magharibi. Vyote hivi havina kiingilio. Saa nane hadi kumi na moja alasiri ni zamu ya karata na sataranji chini ya miti. Saa moja hadi tatu usiku ni dansi za uwanjani, popote penye sakafu pana na spika.

Namna ya kuingia ni moja kote. Simama hatua tatu kutoka kwenye mchezo, tazama dakika tano, tabasamu mtu akifunga au akikosea. Usitoe simu. Mtu akikutazama mara ya pili, sema "keyi yiqi wan ma?", yaani naweza kucheza nanyi? Wakisita, sema "jiao wo", nifundishe. Ukishindwa, sema "wo shu le", nimeshindwa, na mara moja "zai lai!", tena. Neno hili la mwisho ndilo linalowafurahisha, kwa kuwa linaonyesha hukuja kupiga picha na kuondoka. Katika maandishi ya Kichina kwa herufi za kawaida, q isome kama ch, x kama sh, zh kama j, na c kama ts.

Kijinyoya, jianzi, ndicho chepesi kuanza nacho. Duara la watu watano au sita, miguu, magoti na kifua vinaruhusiwa, mikono hapana. Anayejua danadana za mpira hukosea mwanzoni kwa kupiga kwa nguvu: kijinyoya hupigwa kwa upande wa ndani wa kiatu, kwa utulivu, na hupewa muda wa kujigeuza hewani. Viatu vyenye soli pana na bapa ni bora. Kinauzwa yuan chache dukani. Nunua chako uwe nacho kwenye vituo vya treni, watoto watakufuata.

Sataranji yao, xiangqi, ina kete 32 zinazokaa kwenye makutano ya mistari badala ya ndani ya miraba. Jifunze mambo matatu tu kabla ya kwenda. Farasi huenda kama wa sataranji ya kawaida lakini kete iliyo ubavuni mwake humzuia. Mzinga hula kwa kuruka kete moja, na bila ya kuruka hauli. Tembo havuki mto ulio katikati ya ubao. Hapo utaweza kufuatilia, na watazamaji, ambao ni wengi na wote wana maoni, watakuonyesha pa kusogeza. Wasikilize. Ukimpuuza mshauri wako ukashinda amefurahi. Ukishindwa, utasikia habari zake hadi jioni. Baada ya michezo miwili, tandaza drafti yako. Mtu anayekuongoza kwa saa nzima hupenda sana kuwa mwanafunzi kidogo.

Karata ya Jiangsu na Anhui ni guandan: watu wanne, wawili wawili wakitazamana, pakiti mbili, karata 108. Sheria zake ni nyingi mno kujifunza ukiwa umesimama. Kaa nyuma ya mtu mmoja, mshikie karata, ujifunze kwa mkono wake. Angalia kama kuna pesa juu ya meza au hesabu zinaandikwa kwenye daftari. Kama zipo, baki mtazamaji: kamari ni kosa huko, na mgeni ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kwenye dansi za uwanjani jipange mstari wa nyuma kabisa. Mbele ni kwa viongozi na waliozoea, na mgeni anayejiweka mbele na kamera huharibu mistari. Nyimbo tatu, na mama mmoja atakuja kukurekebisha mkono. Wakipumzika, waonyeshe hatua zako mbili rahisi, za kurudiwarudiwa. Ngumu sana huwageuza watazamaji, na lengo ni mcheze pamoja.

Wanaoandika kwa maji sakafuni kwa brashi ndefu watakupa brashi ukiomba. Andika jina lako kwa herufi zetu. Kwa kawaida watakutafutia jina la Kichina, na kutakuwa na mabishano ya kweli juu ya herufi ipi inafaa. Piga picha ya jina kabla halijakauka. Dakika tatu za jua zinatosha kulifuta.

Mlima Taishan una mchezo wake. Wanafunzi hupanda usiku ili wawahi kuchomoza kwa jua kwenye kilele, zaidi ya mita 1,500, kwa njia ya ngazi kutoka Hongmen. Kupanda huchukua saa nne hadi sita. Kiingilio ni takribani yuan 115, na pasipoti ni ya lazima. Tatizo la wageni ni kuanza mapema: wanafika saa saba usiku, jasho linapoa, upepo unapiga, na jua limebakiza saa nne kuchomoza. Anza kati ya saa nne na saa tano usiku, pumzika Zhongtianmen, badilisha fulana yenye jasho kabla ya kipande kikali cha Shiba Pan, na juu kodi koti kubwa la kijeshi. Makundi ya wanafunzi hukubali mtu wa ziada bila maswali. Gawa karanga, hesabuni ngazi kwa sauti, wewe Kiswahili wao Kichina. Huangshan, kwa upande mwingine, ni mlima wa kutazama: kiingilio yuan 190 kuanzia Machi hadi Novemba, magari ya kamba yapo, na watu wako kwenye foleni zaidi ya kucheza. Inafaa, lakini iweke kama siku za kupumzika kutoka kwenye makundi ya michezo.

Maswali, picha na nywele

Utaulizwa umri, mshahara, kama umeoa au umeolewa, na kwa nini bado. Si ufidhuli, ndivyo mazungumzo yanavyoanza. Jibu kwa kifupi, kisha uliza vilevile. Jumamosi na Jumapili, kwenye bustani ya People's Park mjini Shanghai, wazazi huweka karatasi zenye sifa za watoto wao juu ya miavuli wakiwatafutia wachumba. Watakuhoji kwa bidii. Zungumza nao kwa heshima, na karatasi hizo usizipige picha, kwani zina habari za watu halisi.

Ukisema "wo lai zi Tansangniya", natoka Tanzania, wazee wengi watajibu "Tan-Zan tielu", reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Kuwa na picha ya reli hiyo kwenye simu. Wapo waliokuwa na ndugu au jirani aliyefanya kazi huko. Kenya wanaiita Kenniya.

Mtu mwenye ngozi nyeusi ataombwa picha mara nyingi, hasa miji midogo. Kubali wanaoomba, na dai malipo ya mchezo: picha moja kwa danadana kumi, au anifundishe neno moja. Hapo unakuwa mwenzao badala ya kuwa kitu cha kutazamwa. Wanaokupiga bila kuomba, nyanyua kiganja na useme "bie pai", usipige. Wanaotangaza moja kwa moja mtandaoni hutembea na fimbo ya simu wakizungumza na simu yenyewe. Ondoka kwenye fremu, usibishane, maana ubishi ndio wanaoutafuta. Kwa nywele, neno ni "bie mo", usiguse. Liseme ukitabasamu kama mkono bado uko njiani, na kwa sauti kavu kama umeshafika. Huna deni la kuruhusu kichwa chako kiguswe na mtu yeyote.

Jifunze pia namba za mkono, sokoni zinaokoa pesa. Sita ni kidole gumba na kidogo vimenyooshwa. Saba ni ncha za vidole vitatu zimebanwa pamoja. Nane ni gumba na cha shahada, ambayo mgeni huisoma kama mbili kisha akashangaa bei imepanda. Tisa ni kidole cha shahada kilichokunjwa kama ndoana. Kumi ni ngumi, au vidole viwili vilivyopishana.

Mezani

Wasiokula nguruwe watafute herufi 清真, mara nyingi juu ya kibao cha kijani: migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono iko karibu kila mji, bakuli la nyama ya ng'ombe yuan 12 hadi 20. Kwingineko "wo bu chi zhurou", sili nguruwe, haitoshi, kwa sababu baadhi ya mboga za huku hukaangwa kwa mafuta yake. Uliza "you zhuyou ma?", ina mafuta ya nguruwe?

Ukialikwa, mchezo wa mezani ni "ganbei", kumaliza glasi. Pombe yao kali, baijiu, mara nyingi ni zaidi ya asilimia 40. Usiyekunywa sema kabla ya glasi ya kwanza, "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe, na unyanyue kikombe kila wanaponyanyua. Ukishakubali moja, kukataa ya pili kunaonekana umemchagua wa kunywa naye. Unapogonganisha na mkubwa wako, mdomo wa glasi yako uwe chini ya wake. Quanzhou na Fujian yote ni chai katika vikombe vidogo, na kinajazwa kila kinapoisha. Gonga meza kwa vidole viwili kushukuru, na ukitosheka acha kikombe kimejaa.

Urafiki wa kuuziwa

Karibu na barabara ya Nanjing na bustani ya Yuyuan mjini Shanghai, vijana wawili au watatu wanaojua Kiingereza vizuri hukuomba uwapige picha. Wanasema ni wanafunzi kutoka mkoa mwingine, wanauliza unatoka wapi, halafu wanataja onyesho la chai lililo karibu. Bili ni mamia ya yuan, pengine maelfu, na wao watalipa sehemu yao mbele yako ili uone haya.

Tofauti iko wazi ukijua pa kutazama. Mwenyeji anayecheza yuko mahali pake, na mchezo wake tayari, wewe ndiye umemfuata. Tapeli amekufuata wewe, na ana mahali pa kukupeleka. Kwa hiyo chagua wewe pa kukaa, sema tukanywe chai pale, na uonyeshe mgahawa wowote wenye bei ukutani. Mwenye nia njema atakuja. Wengine watakumbuka wana miadi.

Ukiwa tayari umeingia na bili imefika, usitoe kadi wala kufungua Alipay. Piga picha orodha ya bei na bili, taja kwa sauti namba 110, ya polisi, na uipige kweli wasipopunguza. Tumia programu ya kutafsiri kuwaonyesha anwani iliyo mlangoni. Kama ulishalipa, chukua risiti na uende kituo cha polisi cha mtaa siku hiyo hiyo pamoja na mtu wa hosteli anayezungumza Kiingereza. Kesho yake itakuwa vigumu kuwapata watu wale wale dukani.